Simu, kamera ya mtumba au mpiga picha: anayeanza kupiga picha za familia achague nini?

Idd moja niliwapanga watu kumi na saba mbele ya nyumba yetu Ngamiani, Tanga, saa sita na nusu mchana, kila mtu kapendeza. Nikapiga picha thelathini na kitu kwa simu. Jioni nikakaa kuziangalia. Jua lilikuwa utosini, kwa hiyo kila mtu ana mashimo meusi mahali pa macho. Kanzu za wajomba zimeungua hadi vifungo havionekani, nyuso zilizo chini ya kofia ni giza tupu, na bibi, ambaye ndiye sababu ya picha yenyewe, kafumba macho karibu katika zote. Binamu yangu akazipitia kwa kidole, akanirudishia simu.

"Dada, hiki kisimu chako kimechoka. Tafuta kamera."

Nikatafuta. Nilipata Nikon D3500 ya mtumba, na Idd iliyofuata nikawapanga watu walewale, mahali palepale, saa ileile. Mashimo ya macho yakatoka vilevile, safari hii yanaonekana vizuri zaidi.

Mwaka wa tatu tuliita mpiga picha wa kulipwa. Alipofika, kitu cha kwanza alichouliza ni kama tunaweza kusubiri hadi saa kumi na moja. Basi njia zote tatu nimezipitia, na ninachoandika hapa ni kwa mtu ambaye bado ana simu yake mkononi na anajiuliza kama atoe hela au asitoe.

Mchana nje

Hapa simu na kamera hazipishani sana. Pwani yetu, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua linapiga kutoka juu na hakuna kifaa kitakachokusaidia usipohamisha watu. Wapeleke barazani, chini ya paa, wakitazama nje. Mwanga unaodunda kutoka kwenye mchanga au sakafu ya saruji mbele yao ndio unaoingia machoni. Watu wengi hukimbilia chini ya mwembe, lakini majani yakiwa machache jua hupenya na kuweka madoadoa usoni, na madoa hayo hayafutiki. Jioni kwetu nayo ni fupi: karibu na ikweta jua huzama kwa haraka, na ule mwanga wa dhahabu ukiupata kwa nusu saa umebahatika. Panga watu kabla, usianze kuwatafuta watoto saa kumi na mbili.

Nitasema jambo ambalo wenye kamera hawalipendi: kwa mtu aliyevaa kanzu nyeupe na uso wenye kivuli, simu ya kisasa mara nyingi inaishinda kamera. Ukibonyeza mara moja, simu hupiga picha kadhaa za mwanga tofauti na kuziunganisha, kanzu ikabaki na mikunjo yake na uso ukaonekana. D3500 hupiga moja tu, uamuzi ni wako. Usipojua kurekebisha, ama kanzu inaungua ama mjomba anapotea.

Kurekebisha kwenyewe ni jambo dogo ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mapema. Kipimo cha mwanga, cha simu na cha kamera, hudhani kwamba kilicho mbele yake kwa ujumla wake ni kijivu cha wastani. Ukiweka kina mama sita wenye baibui jeusi, kinadhani pana giza, kinaongeza mwanga, nyuso zinatoka zimepauka kama zimepakwa unga. Ukiweka wanaume sita wenye kanzu, kinapunguza, nyuso zinazama. Kwenye simu gusa uso wa mtu, kisha vuta kile kialama cha jua juu au chini. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: baibui, toa kidogo, kanzu, jumlisha. Angalia uso tu, nguo baadaye.

Na kama umewahi kuona picha za zamani ambazo mweusi kwenye kundi haonekani ila meno, ujue sababu haikuwa ngozi yake. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, ambazo zilikuwa na mwanamke mzungu. Makampuni yamechelewa sana kujirekebisha; Google walitangaza marekebisho ya rangi za ngozi waliyoyaita Real Tone kwenye simu za Pixel 6 mwaka 2021. Simu nyingine nyingi bado zinakuja na "bjuti" imewashwa, ambayo inalainisha uso na kuung'arisha bila kuulizwa. Ingia kwenye mipangilio uizime. Shangazi yangu alitoka kwenye picha moja ya harusi akiwa na rangi ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu aliwahi kuzaliwa nayo.

Sebuleni baada ya Magharibi

Hapa ndipo kamera ilipolipa hela yake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua sebule ya kawaida, futi kumi kwa kumi, taa moja ukutani. Mtoto wa miaka miwili anacheza na sufuria. Simu ikiona giza huingia kwenye modi ya usiku: inakusanya mwanga kwa sekunde moja au mbili, inaunganisha. Makochi yanatoka mazuri, pazia zuri, sufuria nzuri, mtoto ni moshi. Flashi nayo inampiga usoni, macho mekundu, ukuta wa nyuma una kivuli kama cha mzimu.

Sasa kamera, lakini angalia, siyo kamera yoyote na lenzi yoyote. Lenzi iliyokuja na D3500 au Canon 2000D ni ile ya 18-55 (ni milimita; namba ikikua, lenzi inavuta karibu zaidi), na ukiivuta hadi mwisho tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Katika sebule hiyo, hata ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, utapata kasi ya kupiga ya kama 1/60 ya sekunde. Kwa bibi aliyekaa inatosha. Kwa mtoto wa sufuria haitoshi. Nilipiga wiki nzima kwa lenzi hiyo nikawa najuta.

Ukibadilisha, ukaweka lenzi isiyovuta ya f/1.8, tundu linapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Chumba kilekile, taa ileile, ISO ileile, 1/60 inakuwa karibu 1/500. Mtoto anasimama, tone la maji linaloruka kutoka kwenye sufuria linasimama. Au ukitaka, unashuka hadi 1/125 na ISO 800, picha inakuwa safi bila zile chengachenga. Tofauti hiyo imetoka kwenye lenzi ndogo, wala siyo megapikseli 24 zilizoandikwa kwenye boksi.

Lakini ipi? Canon wana 50mm f/1.8, nyepesi ya gramu 160 hivi, na kila mtu atakushauri hiyo. Kwa nyumba zetu nasita. Kwenye kamera za daraja hili 50mm inabana: ili mtu mzima aliyesimama aingie mzima kwenye picha, lazima urudi nyuma kama mita nne, na chumba chenyewe kina mita tatu. Utapigia picha barazani kupitia mlangoni. Nikon wana 35mm f/1.8G, ambayo kwa mita mbili na nusu hadi tatu inamtosha mtu mzima. Hiyo ndiyo iliyonifanya nichague Nikon. Wa Canon wanayo 24mm f/2.8 ile nyembamba. Haikusanyi mwanga kama f/1.8 lakini chumbani utapumua.

Na mtego wa f/1.8 uujue kabla haujakunasa. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kina kinachotoka wazi ni sentimita kama 13 tu. Nilimpiga bibi amempakata kitukuu chake, kope za mtoto unaweza kuzihesabu, uso wa bibi ukungu. Akaishika simu niliyomwonyeshea, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mke mwenzangu, mimi umenificha wapi?"

Wawili pamoja, panda hadi f/4. Mmoja peke yake, f/1.8 ni raha.

Simu inajaribu kuigiza ukungu huo kwa modi ya potreti. Kwa uso ulio peke yake, mandhari ya kawaida, inafanikiwa na mtu asiyejua hatagundua. Kwa familia yetu inashindwa kwenye mitandio: inakata pindo, inaacha kipande cha ukuta kikiwa wazi kati ya shingo na kitambaa, inakula kijiti cha miwani. Inakisia, na vitambaa vinaikoroga.

Umbali na pua

Hili ni la simu zaidi. Lenzi kuu ya simu ni pana, na ukimsogelea mtu hadi uso ujae kioo, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Watu wanalaumu sura zao bure. Rudi nyuma mita mbili, bonyeza 2x, piga. Kama simu yako ukibonyeza 2x inaharibu picha, piga hivyohivyo kutoka mbali kisha ukate baadaye. Ile 0.5x iwe ya kupiga nyumba nzima. Mtu aliyekaa pembeni ya kundi inamvuta kama ubani wa kutafuna. Kwenye kamera ukivuta 18-55 hadi mwisho tatizo hili linaondoka lenyewe.

Watoto wanaokimbia

Nje mchana, zote mbili zinaweza. Simu nyingi zinapiga mfululizo ukishikilia kitufe au ukikivuta pembeni, jaribu yako. D3500 inapiga tano kwa sekunde, weka modi S (Canon ni Tv), ambayo kasi unaichagua mwenyewe, 1/500, kazi imekwisha. Kamera inashinda kwa kitu kimoja: jicho lako liko kwenye kitundu cha kuchungulia, unamwona mtoto mwenyewe, hakuna kuchelewa. Simu inashinda kwa kingine: iko mfukoni mtoto anapofanya kituko. Kamera yangu imekosa vituko vingi ikiwa kwenye begi.

Kundi kubwa, na mpiga picha

Picha ya watu kumi na saba, wote macho wazi, ni kazi ngumu kwa anayeanza, kwa kifaa chochote. Hila niliyoiba kwa yule mpiga picha wetu: waambie wote wafumbe macho, hesabu moja, mbili, tatu, kwenye tatu wafumbue, ndipo ubonyeze. Na usipige moja, piga kumi. Kwa kamera, f/5.6 itawaweka wazi waliokaa na waliosimama nyuma, usitumie f/1.8 hapa hata ukishawishika.

Mpiga picha wa kulipwa ana faida ambayo vifaa havina: wewe unakuwemo. Nimepekua picha zetu za miaka mitano, mimi ni kivuli kwenye sakafu, na mara moja kidole. Faida ya pili ni amri. Wajomba hawanisikii mimi nikisema "sogea kushoto", lakini mgeni mwenye kamera kubwa wanamtii kama mwalimu wa gwaride. Ya tatu ni taa; wengi hubeba flashi ya kudundisha kwenye dari, na ukumbini hilo ni jambo kubwa.

Hasara yake ni kwamba anakuja siku moja. Hatakuwepo mtoto akijaribu kuvaa viatu vya baba yake Jumanne asubuhi. Na akikupa picha, zidai zote kwa ukubwa wake halisi, ama kwenye flashi diski ama kwa kiungo, kabla hujammalizia hela. Tuliwahi kuletewa picha za harusi kwa WhatsApp tu, ndogo, na tulipotaka kusafisha kubwa ya ukutani mwenyewe akasema kadi imeshafutwa.

Studio ni suala jingine, na siidharau. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha za watu wa mji walizopigwa humo bado zinatazamika hadi leo. Bibi anayo picha ya studio ya ujana wake, nyeusi na nyeupe: kiti, stuli yenye maua, mkono mmoja umelala juu ya mwingine. Niliitazama sana nilipoanza. Mwanga unatoka upande mmoja, uso umegeuka kidogo, mikono ina pa kukaa. Kila ninapomwona mtu kwenye picha yangu mikono inaning'inia kama ya askari namkumbuka aliyempa bibi ile stuli.

Kutuma, kusafisha, kutunza

Simu inashinda bila mjadala kwenye kutuma. D3500 haina Wi-Fi. Inarusha kwa Bluetooth picha iliyopunguzwa hadi megapikseli 2, taratibu. Suluhisho la bei ndogo ni kisomea kadi kinachochomekwa kwenye simu. Picha ya saizi ya posta, inchi 4 kwa 6, inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 tu, kwa hiyo simu ya megapikseli 12 imezidi mahitaji hayo mara tano. Asikudanganye mtu kwamba picha za simu hazisafishiki. Zinazoharibika ni zile zilizopita WhatsApp. Kwa kusafisha, tuma kama dokumenti.

Kutunza: Google Photos iliacha kuhifadhi bure bila kikomo tarehe 1 Juni 2021, sasa una GB 15 ambazo unagawana na barua pepe zako. Simu ikiibwa daladalani, picha za miaka mitatu zinakwenda nayo. Nunua diski, nakili kila mwezi.

Ukiamua kununua mtumba

Kamera za mtumba zina adui mkubwa huku Pwani, nao ni kuvu. Unyevu wetu huotesha nyuzi ndani ya lenzi, kama utando wa buibui. Dukani washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, tazama kwa mbele ukiizungusha. Ukiona nyuzi au ukungu, rudisha hata ukipunguziwa bei. Kisha funga tundu hadi f/16, piga picha ya anga. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, hilo husafishika. Nyumbani itunze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kabatini na nguo usiiweke.

Halafu kuna lenzi za Nikon za zamani zenye herufi D mwishoni, kama 50mm f/1.8D. Ni rahisi, zinavutia, na kwenye D3500, D3400, D3300 hazitafuti fokasi zenyewe, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ndani. Utazungusha kwa mkono huku mtoto anakimbia. Tafuta zilizoandikwa AF-S, hizo zina mota yao wenyewe. Betri ya D3500 inakadiriwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, kwa hiyo umeme ukikatika siku ya sherehe hutahangaika. Simu yako, ikiwa inawasha tochi na muziki, itakuwa imelala saa nane.

Hesabu picha zako mbaya

Kama una hela ya kitu kimoja na hujui ni kipi, usiulize watu. Fungua simu, chukua picha hamsini za familia ulizopiga karibuni, tenga mbaya, uzipange kwa ugonjwa.

Mashimo ya macho, nyuso nyeusi mbele ya dirisha, pua kubwa, nguzo iliyoota kichwani kwa mtu: usinunue chochote. Hayo yanatibika kwa kuhamisha watu hatua tatu, na kamera itayarudia kama ilivyoyarudia kwangu. Moshi wa watoto ndani ya nyumba usiku: nunua kamera ya mtumba na lenzi ya f/1.8, na ikiwa hela inatosha mwili mpya (kamera bila lenzi) au mwili wa zamani pamoja na lenzi, chukua wa zamani na lenzi. Picha nzuri lakini za tukio moja kubwa, na wewe mwenyewe hujatokea: lipa mpiga picha siku hiyo, nunua bando kwa inayobaki.

Zangu zilipopangwa, thelathini na moja kati ya hamsini zilikuwa za ugonjwa wa kwanza. Ningekuwa nimehesabu kabla ya kumsikiliza binamu, ningeanza na dirisha la jikoni. Hilo dirisha linatazama kusini, na bibi hukaa chini yake kila asubuhi na mbuzi yake, anakuna nazi. Nilimpiga hapo kwa simu, saa mbili unusu, mwanga unatoka ubavuni, machicha meupe kwenye vidole, jasho kidogo juu ya mdomo. Alilalamika kwamba nimempiga na kanga ya jikoni, akanitaka nifute. Sikufuta. Ndiyo iliyosafishwa inchi 8 kwa 10, na simu yenyewe ni ile iliyoambiwa imechoka.

Kamera sijaiuza, usiku ni yake. Idd ya mwaka huu nimeshawatangazia wote: saa kumi na moja kasorobo, barazani, watoto wawe wameshakula, na atakayebonyeza kitufe ni yule binamu.